Kamba ya mguu wako wa 1996

Arua, 8 Desemba

Mwanangu mpenzi,

Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti mara tatu, mara ya tatu nikiwa chini ya mwembe na kalamu mkononi. Unasema mume wangu, huyo mjukuu wangu wa miaka saba, amekubana jikoni: Baba Krismasi anafikaje nyumba zote za dunia kwa usiku mmoja, tena hapo kwenu Ntinda, Kampala, nyumba yenyewe haina hata bomba la moshi? Ukaniomba nikwambie umjibu nini. Halafu mwishoni, kwa sauti ya chini, ukauliza na lako: Krismasi ya 1996, vile viatu vyekundu vilikutoshaje ilhali hakuna aliyekupima?

Nakujibu kwa karatasi, maana hesabu zinataka nafasi. Nimefundisha fizikia miaka 31 na bado swali la mtoto hunisisimua kuliko chai ya asubuhi. Kwa hiyo nakuomba sana, usimwambie anyamaze ale. Wala usimwambie kwamba ni uongo. Mpe penseli mkae mezani.

Anzeni na urefu wa usiku. Katikati ya Pasifiki, katika nchi ya Kiribati, kuna kisiwa kinachoitwa Kiritimati. Kwa lugha yao "ti" husomwa karibu na "s", kwa hiyo jina hilo ni Krismasi yenyewe. Nahodha James Cook alifika hapo tarehe 24 Desemba 1777. Saa zao ziko mbele ya zote duniani. Kwao ikigonga saa 3 usiku wa mkesha, Uganda ni saa 4 asubuhi, wewe bado uko sokoni unabishania bei ya kuku. Baba Krismasi anaanzia huko, anakimbia kuelekea magharibi pamoja na giza, anamalizia Samoa ya Marekani, ambako saa ziko nyuma ya Kiritimati kwa saa 25. Ukichukua kwamba watoto wanalala kuanzia saa 3 usiku hadi saa 11 alfajiri, hizo ni saa 8. Jumlisha 25. Ana saa 33, wala si usiku mmoja mfupi kama tunavyodhani. Hapo mume wangu atafurahi. Mwache afurahi kwanza, na umwambie kwamba hata yeye hajalala bure: hapo mlipo karibu na ikweta dunia inazunguka kilomita 1,670 kwa saa, kwa hiyo akilala saa 8 amesafirishwa zaidi ya kilomita 13,000 bila kushuka kitandani.

Sasa nyumba. Watoto wa chini ya miaka 15 duniani ni kama bilioni 2. Wengi wao si Wakristo. Majirani zetu Wanubi wana Idi yao na nguo zao mpya. Tuchukue watoto milioni 600, watatu kila nyumba, tupate nyumba milioni 200. Mfundishe kulipenda neno hilo "tuchukue". Sayansi haianzi bila hilo, na akitaka kubadilisha namba zangu abadilishe, aone jibu linavyosogea.

Saa 33 ni sekunde 118,800. Gawanya: nyumba 1,683 kila sekunde. Ukipepesa macho kwa theluthi ya sekunde, ameshapita nyumba zaidi ya 500, na katika kila moja ameingia, ameweka zawadi, ametoka. Habari ya bomba la moshi tuiache. Mwenye mwendo huo hashindwi na mlango wa mabati.

Na mwendo wenyewe? Tuchukue nusu kilomita kutoka nyumba hadi nyumba. Jumla ni kilomita milioni 100, theluthi mbili ya njia ya kwenda kwenye jua. Kwa sekunde moja anakata kilomita 842. Kutoka Kampala hadi hapa Arua ni kilomita karibu 500: anafika kabla hujamaliza kutamka jina la mji wa njiani, "Pakwach". Vimondo vya kasi kabisa, vile vinavyochora mstari wa moto angani, huingia kwa kilomita kama 70 kwa sekunde, na hewa iliyobanwa mbele yao huwa ya moto mkali hata vikaungua. Baba Krismasi anakwenda mara 12 ya hapo. Angepita juu ya Arua tungesoma magazeti usiku wa manane kwa mwanga wake, na mabati ya mji mzima yangeng'oka kwa kishindo. Tena kila mtoto akipewa kilo moja tu, mzigo ni tani 600,000. Ni lori elfu sitini, kila moja ya tani 10, mwanangu! Daraja la Nile pale Pakwach lingelia.

Hapa kuna jambo ninalolipenda kupita yote, usiliache. Wanaovuta kile kigari cha theluji ni kulungu wa nchi za baridi, na katika picha zote wana pembe. Madume wa kulungu hao huangusha pembe zao baada ya msimu wa kupandana, wengi wao kabla ya Krismasi. Majike hubaki nazo majira yote ya baridi hadi karibu na kuzaa, mwezi wa tano. Yaani wanaovuta mzigo ule ni akina mama, na wengi wao wajawazito. Nilipolijua hilo mara ya kwanza nilikaa kimya nikamwaza mama yangu na kuni zake kichwani. Na ile pua nyekundu ina msingi: mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi na Norwe walichunguza pua za kulungu hao, wakakuta mishipa midogo ya damu imesongamana zaidi kwa asilimia 25 kuliko katika pua za binadamu. Damu hiyo huizuia pua isigande.

Mkifika hapo mume wangu ataweka penseli chini na kusema, basi haiwezekani. Usimtangulie. Aseme mwenyewe. Halafu muulize: na kama hayuko mmoja?

Nyumba milioni 200, wabebaji milioni 200, kila mmoja na nyumba yake. Saa ni zilezile 33. Kwa basi linalojikokota kilomita 40 kwa saa ni kilomita 1,320. Anafika Arua kutoka Kampala, anarudi, na saa zinabaki. Hakuna kinachoungua, daraja halilii.

Sasa nikujibu na lako.

Mwaka ule marehemu baba yako alikuwa fundi mwashi Kampala. Alikuja mwanzoni mwa Septemba kwa siku mbili, na usiku wa pili, ulipolala, nilikupima mguu kwa kamba ya katani. Nilikuwa nimekuegemeza kisigino kwenye ukuta, nikavuta kamba hadi ncha ya kidole gumba, nikaongeza upana wa kidole changu, nikakata, nikafunga fundo. Mguu wa mtoto wa umri ule hukua kama sentimita moja kwa mwaka, na mimi nilikuwa nahesabu hadi Desemba. Baba yako aliitia kamba ile katika mfuko wa shati. Huko soko la Owino, Kampala, akawa anaiingiza ndani ya kiatu kimoja baada ya kingine, wauzaji wakimtazama. Siku hiyo alinyeshewa. Katani ikilowa nyuzi zake hujaa maji na kamba hufupika. Ule upana wa kidole ndio uliokuokoa vidole vyako.

Barabara ya Karuma hadi Pakwach ilikuwa ya vumbi, na kwa sababu ya waasi magari yalisubiriana yapite kwa msafara, askari mbele na nyuma. Alifika saa 8 usiku wa mkesha, mwekundu kwa vumbi hadi kope. Viatu alikuwa amevifunga kifuani chini ya shati, kwa sababu mizigo iliyo juu ya basi huibwa. Hakukuamsha. Aliviweka kando ya mkeka wako, akanawa, akalala.

Asubuhi ulimkimbilia na kumwonyesha alichokuletea Baba Krismasi. Akavishika, akavigeuza, akavitazama soli kama mtu anayeviona kwa mara ya kwanza. Nilitaka kusema. Akanikonyeza nisiseme. Wanasimulia kwamba Nikolao, yule askofu wa Myra wa karne ya 4, huko Uturuki ya leo, aliwatupia mabinti watatu wa maskini dhahabu usiku kupitia dirishani, asijulikane. Baba yako hakuwa ameisoma habari hiyo popote.

Kamba ninayo bado, imo kwenye Biblia yake. Nimeipima leo: sentimita 20 na nusu.

Mnakuja tarehe 23, na soko la Arua lina viatu vizuri. Nipimie mume wangu. Iwe jioni, maana mguu wa jioni umevimba kidogo kuliko wa asubuhi. Kisigino ukutani, kamba kavu, upana wa kidole, fundo. Mpe kondakta wa basi la usiku, nitaipokea kituoni.

Kama hesabu imemfikisha pale kwenye wabebaji milioni 200, mkatie na kamba ya pili, umwache nayo. Nadhani atajua ni mguu wa nani ambao hakuna mtu aliyeupima tangu 1996. Akija nayo usiku kitandani kwako, akivuta shuka polepole kutafuta kisigino, wewe jifanye umelala.

Mama yako