Kabla hujachagua ubingwa wa magonjwa ya kuambukiza

Madaktari vijana wanaonifuata kuuliza habari za ubingwa huu, wengi wanakuja na picha moja kichwani: suti nyeupe, miwani mikubwa, hema la Ebola. Siwalaumu. Marburg, virusi ndugu wa Ebola, ilipoingia Kagera mwaka 2023 nchi nzima ilikumbuka kuwa tupo. Lakini ukiichagua kazi kwa ajili ya siku kama zile, miezi mingine yote utachoka bure.

Siku ya kawaida huna wodi yako. Unaitwa kwenye wodi za watu. Upasuaji wana kidonda kisichofunga. Wodi ya wazazi ina mama aliyepandisha homa baada ya kujifungua kwa kisu. ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, wana mgonjwa aliyeshapewa kila antibayotiki iliyomo kabatini. Unasoma faili, unamwangalia mgonjwa, na mara nyingi ushauri wako ni dawa ipunguzwe. Sasa mwambie hivyo bingwa aliyekutangulia miaka kumi! Mimi huanza na shikamoo, kisha nauliza kwa upole damu ilichukuliwa lini kwenda kuoteshwa, yaani kukuzwa maabara ionekane ina bakteria gani. Kama dozi ya antibayotiki kama seftriaksoni ilitangulia chupa ya kuoteshea, maabara huenda isione kitu, na hapo tunaendelea kubahatisha kwa dawa za gharama.

Kwa hiyo kama uko intern, daktari wa mwaka wa mazoezi, anza na hilo: damu kwanza, dawa baadaye, labda mgonjwa awe katika hali ya kutosubiri hata dakika chache. Halafu jizoeze kutilia shaka neno malaria. Kuna utafiti wa Moshi, uliofanyika katika hospitali za KCMC na Mawenzi mwaka 2007 hadi 2008 na kuchapishwa 2013, ambao kila intern ningemtaka ausome. Wagonjwa 870 walilazwa kwa homa. Walioandikiwa malaria ni 528. Ambao homa yao kweli ilitokana na malaria ni 14. Wengine 118 walikutwa na magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, kama brusela, homa ya Q na leptospira, na hakuna hata mmoja ambaye ugonjwa wa aina hiyo ulikuwa umeshukiwa alipopokelewa. Hata mmoja! Tangu niusome, mgonjwa wa homa namuuliza anafuga nini, maziwa anachemsha au anakunywa mabichi, analima wapi, panya nyumbani wakoje. Mwaka 2022 kule Ruangwa, Lindi, watu walipata homa na kutoka damu puani, hofu ikapanda. Vipimo vya Ebola na Marburg vikawa hasi, na jibu likawa homa ya mgunda, yaani hiyo hiyo leptospira.

Njia yenyewe ni ndefu, nisikufiche. Hapa Tanzania ni miaka 5 ya udaktari, mwaka 1 wa intern, miaka 3 ya ubingwa wa magonjwa ya ndani, ndipo uanze kuhangaika na ubobezi wenyewe wa magonjwa ya kuambukiza, ambao mara nyingi unategemea ufadhili. Fedha nyingi? Chagua kitu kingine.

Utafiti usiusubiri mpaka ufike huko. Kosa ninaloliona sana ni kijana kutafuta kwanza mada yenye ufadhili, halafu kulazimisha wagonjwa waitoshee. Geuza. Andika kwenye daftari kila swali la raundi ya wodini lililojibiwa kwa "ndivyo tunavyofanya siku zote". Kuwawekea watoto wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu maji mengi ya haraka kwenye mshipa lilikuwa jambo la namna hiyo. Jaribio la FEAST, lililofanyika Kenya, Uganda na hapa kwetu katika hospitali ya Teule, Muheza, kwa watoto zaidi ya 3,100, lilipotoa matokeo mwaka 2011 likaonyesha kuwa ndani ya saa 48 walikufa takriban asilimia 10.5 ya waliopewa maji hayo, dhidi ya 7.3 ya wasiopewa. Watu walibisha sana, na wengine wanabisha mpaka leo, lakini swali lilitoka kitandani kwa mgonjwa.

Lako linaweza kuwa dogo: kati ya wagonjwa waliopewa antibayotiki wodini kwenu mwezi uliopita, wangapi walichukuliwa sampuli yoyote ya kuoteshwa? Mafaili yapo. Omba kibali cha kamati ya maadili mapema, kabla ya kugusa faili la kwanza, kwa sababu kibali huchukua muda kuliko kazi yenyewe. Mshirikishe mtaalamu wa maabara tangu siku ya kuandika pendekezo. Yeye ndiye anayejua mwezi gani vitendanishi, kemikali za kupimia, viliisha na kwa nini majibu ya wiki ile hayaaminiki. Na ukichapisha, jina lake liwe kati ya waandishi.