Kwa nini Achilles ni "mwepesi wa miguu" hata akiwa ameketi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika tasnifu ya uzamili juu ya tendi, nami nimekwama mahali pawili. Katika Iliad, utendi wa Homer wa Kigiriki juu ya vita vya Troy, shujaa Achilles anaitwa "mwepesi wa miguu" hata anapokuwa amekaa kitako. Nimeambiwa hiyo ni "fomula", yaani maneno ya kurudiarudia. Je, hilo si kosa la mtunzi? Na kwa kuwa tenzi zetu nazo zina maneno ya kurudiarudia, naweza kuitumia nadharia hiyo hiyo kwenye Utendi wa Tambuka? La pili: nimeandika kwamba Homer ndiye chimbuko la tendi zote, ukiwamo huo wa Tambuka, na msomaji wa rasimu yangu amepiga mstari mwekundu pale bila maelezo. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kwamba umeanza na Achilles aliyeketi, maana mlango wa suala zima uko hapo hapo.

Mahali penyewe ni kitabu cha 9 cha Iliad. Wagiriki wanapigwa, na mkuu wao Agamemnon ametuma wajumbe, akiwamo Odysseus, wambembeleze Achilles arudi vitani. Wanamkuta akipiga kinubi na kuimba sifa za mashujaa. Anainuka kuwapokea, anawaketisha, nyama inachomwa, kisha anakaa akielekeana na Odysseus. Odysseus anasema maneno mengi, anahesabu zawadi moja moja. Halafu unakuja mstari huu:

Ton d' apameibomenos prosephē podas ōkus Akhilleus.

"Akamjibu, akamwambia Achilles mwepesi wa miguu." Hajanyanyua hata unyayo.

Wasomi wa Aleksandria, Aristarchus na waliomfuata, waliona tatizo hili zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Katika Odyssey, utendi mwingine wa Homer, kuna binti wa mfalme, Nausicaa, anayetoa chumbani nguo "zinazong'aa" na kuzipakia garini kuzipeleka mtoni. Zinang'aaje, nazo ni chafu na zinakwenda kufuliwa? Jibu lao lilikuwa fupi: si kwa wakati ule, bali kwa asili. Lakabu, yaani jina la sifa kama hilo, inasema kitu ni nini, haisemi kinafanya nini sasa hivi. Jibu hilo ni zuri, nami ningelitaka ulinukuu katika sura yako. Lakini linaacha jambo moja wazi. Achilles ana lakabu zaidi ya moja. Kwa nini hapa imekuja hii na si nyingine?

Hapa lazima tuhesabu mizani, na naomba uhesabu kwa vidole kweli, usisome tu. Mstari wa Homer, heksamita, una mapigo sita. Kila pigo huanza na silabi ndefu. Baada yake huja fupi mbili au ndefu moja. Pigo la mwisho lina silabi mbili tu. Kwa hiyo mstari huwa na silabi 12 hadi 17, na kuna vituo maalumu ndani yake ambapo sauti hupumua. Sasa tazama jina la Achilles linavyokaa mwishoni mwa mstari, kuanzia kwenye vituo hivyo. Nafasi iliyobaki ikiwa ya silabi 5, ni dios Akhilleus, "Achilles mtukufu". Ikiwa ya silabi 7, ni podas ōkus Akhilleus. Ikiwa ya silabi 8, ni podarkēs dios Akhilleus, "Achilles mtukufu mwenye miguu ya mbio". Mchukue Odysseus: kwa 5 ni dios Odusseus, kwa 7 ni polumētis Odusseus, "mwenye hila nyingi", na kwa 8 ni polutlas dios Odusseus, "mtukufu mvumilivu". Urefu ule ule, mpangilio ule ule wa ndefu na fupi, vituo vile vile.

Rudi sasa kwenye mstari wetu. Ton d' apameibomenos prosephē, "akamjibu, akamwambia", inakula silabi 10. Zinabaki 7. Anayejibu akiwa Achilles, ni mwepesi wa miguu. Akiwa Odysseus, nusu ya kwanza haibadiliki hata herufi, na nusu ya pili inakuwa "mwenye hila nyingi".

Hiyo ndiyo fomula. Mmarekani Milman Parry aliyeieleza hivi katika tasnifu aliyoitetea Paris mwaka 1928 alisema ni kundi la maneno linalotumika mara kwa mara, katika hali ile ile ya mizani, kueleza wazo lile lile la msingi. Shika maneno "hali ile ile ya mizani". Ukiyaondoa hayo unabaki na urudiaji, na urudiaji umo hata katika hotuba za harusi. Na kilichowashawishi wasomi hakikuwa urudiaji wenyewe. Kilikuwa ni uwekevu: kwa kila shujaa na kwa kila nafasi, kwa kawaida kuna lakabu moja tu, haizidi. Mtu mmoja hawezi kukaa akabuni mtandao mpana na uliobana kiasi hicho. Umejengwa na vizazi vya manju, kila mmoja akitunza kinachofaa na kuacha kinachozidi. Hata lugha yenyewe inasema hivyo. Kigiriki cha Homer hakikusemwa katika mji wowote; kimechanganya lahaja na kuhifadhi maumbo yaliyokwisha kufa midomoni mwa watu, kwa sababu mizani iliyahitaji. Hilo wewe huna haja ya kuelezwa sana. Unajua jinsi mtunzi wa Mombasa alivyochukua maneno ya Kiamu na ya Kingozi alipoingia kwenye utenzi, ingawa sokoni hakusema hivyo.

Hadi hapo Parry alikuwa ameonyesha kwamba lugha ile ni ya mapokeo. Kwamba ilitungwa kwa mdomo, papo kwa papo, bado. Ili kulijua hilo alikwenda Yugoslavia, mara ya kwanza 1933, akarudi tena 1934 hadi 1935, kuwarekodi manju walioimba tendi kwa gusle, chombo cha uzi mmoja. Aliyewapita wote alikuwa Avdo Međedović wa Bijelo Polje, muuza nyama asiyejua kusoma wala kuandika. Mwaka 1935 alitoa utendi wa ndoa ya Meho mwana wa Smail wenye mistari 12,311. Odyssey ina 12,109. Nikiwasomesha wanafunzi huwa naziandika namba hizo mbili ubaoni, nanyamaza kidogo.

Jaribio jingine linanigusa zaidi. Parry alimkalisha Međedović amsikilize manju mwingine akiimba utendi ambao yeye hakuwahi kuusikia. Ulikuwa wa mistari 2,294. Kisha akamwomba auimbe. Međedović aliuimba kwa mistari 6,313: visa vile vile kwa mpangilio ule ule, lakini mapambo ya farasi, huzuni za watu na hotuba zao zimejaa na kupanuka. Hakuwa amekariri kitu. Alikuwa akitunga huku akiimba. Parry alifariki Desemba mwaka huo huo akiwa na miaka 33, na kazi ikaendelezwa na msaidizi wake Albert Lord, ambaye kitabu chake cha 1960 ndicho kilichoifikisha nadharia hii hadi Afrika.

Sasa nikuonye, maana waandishi wengi wa tasnifu huteleza hapa. Wapo waliomfuata Parry wakasema kwamba kama lakabu imeletwa na mizani, basi haina maana, ni kijazio. Mimi sikubali. Fungua kitabu cha 22. Apollo amejigeuza mtu na kumvuta Achilles amfukuze mbali na ukuta wa Troy, kisha anamgeukia na kumuuliza: kwa nini unanifuata kwa miguu yako ya mbio, wewe mtu wa kufa, na mimi mungu? Mistari sita mbele, Achilles anajibu kwa ghadhabu, na mtunzi anamwita nini? Podas ōkus Akhilleus. Sikio lililokwisha kuambiwa kwamba mbio hizo ni za bure haliwezi kuipokea lakabu hiyo kama kijazio. Mizani imeileta, na maana imeikuta imekaa tayari. Kisha rudi kwa yule aliyeketi katika kitabu cha 9. Mwenye mbio kuliko wote amekaa, anakataa kusogea, na watu wanakufa kwa sababu hiyo. Katika kitabu cha 18, rafiki yake Patroclus amekwisha kuuawa, Achilles anayasema mwenyewe: nimekaa kando ya merikebu, mzigo wa bure juu ya ardhi. Kwa hiyo si kosa la mtunzi. Kadiri lakabu ile inavyorudi huku mwenyewe ameketi, ndivyo inavyouma.

Tuje kwenye Tambuka. Bwana Mwengo wa Athman aliutunga Pate, na tarehe inayotajwa ni 1728. Ni utungo wa maandishi, kwa hati ya Kiarabu, uliokusudiwa kusomwa kwa sauti mbele ya watu. Tofauti hii haiko pembeni ya suala, ni kiini chake. Tazama tungo zinavyojifungua zenyewe. Iliad inaanza kwa kumwomba mungu wa kike aimbe hasira ya Achilles. Tenzi zetu huita wino. Mwana Kupona, katika utendi wake wa 1858, anamwambia bintiye:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na qaratasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambiya

Hadithi iko moyoni, lakini karatasi inatangulia. Ukichukua kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya manju asiyejua kusoma na kukibandika juu ya utungo unaoagiza karatasi, utapata majibu, ila hayatakuwa majibu ya swali lako.

Hata hivyo usikitupe. Kibadilishe. Utenzi haupimi silabi ndefu na fupi; una mizani 8 kwa kila kipande, vipande vitatu vyenye kina kimoja ndani ya ubeti, na cha nne chenye kina kinachokwenda hadi mwisho wa utungo. Kwa hiyo kinachomkaba mtunzi wa utenzi ni kina cha nje kuliko urefu. Tazama kukwambiya hapo juu. Kitenzi cha kutendea kinampa mtunzi hazina isiyokwisha ya -iya mwishoni mwa ubeti. Swali lako la utafiti liwe hili: ni vishazi vipi vinavyorudi katika kipande cha nne, na je, kwa wazo moja kuna kishazi kimoja au vingi? Ukikuta vingi vyenye urefu sawa na kina sawa, hakuna uwekevu wa aina ya Parry, na hilo ni tokeo halali la kuandika. Ukitaka kuijaribu nadharia pale inapostahili hasa, nenda Kagera kwa waimbaji wa nanga, chombo cha nyuzi. Mtafiti Mulokozi aliuliza mwaka 1983 kama hao ni watunzi wa tendi, na makala yake ndiyo ningeiweka juu ya meza kabla ya kumgusa Lord.

Kuhusu mstari mwekundu, msomaji wako ana haki. Umechanganya kufanana na kurithi. Athari ni jambo la kuthibitisha kwa mkono. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Livius Andronicus aliitia Odyssey katika Kilatini. Mstari wa kwanza wa Kigiriki unamwita Odysseus polutropos, mwenye kugeuka kwingi. Livius akaandika versutum, neno lililotoka kwenye kitenzi cha kugeuka. Hapo unaona neno limevuka mikononi mwa mtu tunayemjua. Virgil, mshairi wa Kirumi, naye akaja akajenga Aeneid ya vitabu 12, sita vya kutangatanga kama Odyssey na sita vya vita kama Iliad. Hiyo ni athari.

Sasa nionyeshe njia ya kutoka kwa Homer hadi Pate. Tambuka umetoka kwenye masimulizi ya Kiarabu ya vita vya Mtume, maghazi, na njia hiyo inaonekana wazi. Iliad nzima haikuchapishwa kwa Kiarabu hadi Sulayman al-Bustani alipoitoa Cairo mwaka 1904, miaka 176 baada ya Bwana Mwengo. Ugiriki umo ndani ya Tambuka, lakini umeingia kwa mlango mwingine: Herekali, adui mkuu wa utendi huo, ni mfalme aliyetawala Konstantinopoli kuanzia 610 hadi 641, mji ambao watoto wake walijifunza kusoma kwa Homer. Hapo una aya nzuri, ukipenda.

Na neno "zote" lifute kabisa. Gilgamesh wa Mesopotamia amemtangulia Homer kwa karne nyingi. Na utendi wa Mwindo wa Wanyanga, huko mashariki ya Kongo, uliosimuliwa na Rureke na kuchapishwa na Biebuyck na Mateene mwaka 1969, haukuhitaji Mgiriki yeyote.

Sentensi yako iandike hivi: "Tendi za Homer na Utendi wa Tambuka zina vyanzo tofauti, sura hii inalinganisha namna kila mapokeo yalivyotatua tatizo la kusimulia vita ndani ya mizani." Kisha chukua beti 50 za kwanza za Tambuka, chora jedwali la kipande cha nne, na unitumie kabla hujaendelea na sura inayofuata.