Tairi limechanika ubavuni, nishone au ninunue jipya?

SWALI: Fundi habari za kazi. Tairi la nyuma la baiskeli yangu limechanika ubavuni kama sentimita 2, nikijaza upepo tyubu inachungulia nje. Nimeziba tyubu mara mbili na inapasuka palepale. Nilishone au ninunue jingine? Limeandikwa 26x1.95.

JIBU: Nzuri mkuu. Tyubu unaionea bure, haina kosa. Tyubu kazi yake ni kutunza upepo usitoke tu, anayeubana ule upepo ni tairi, na ndani ya tairi kinachobana sio raba bali zile nyuzi zilizofumwa chini ya raba. Fungua tairi, kunja pale palipochanika uangalie kwa ndani: kama ni raba ya juu tu imekatwa ila nyuzi ni nzima, toa kigae au mwiba kama umebaki, endelea kutembea wala usihangaike. Ila wewe unasema tyubu inachungulia, maana yake nyuzi zimeshakatika, tena ubavuni ambapo tairi linajikunja kila gurudumu likizunguka, kwahiyo hilo ni la kubadilisha.

Kushona wapo wanaoshona, mi sipendi, sindano inaongeza matundu na uzi unaisaga tyubu. Na gundi ya kupaka kwa nje ndo kabisa, haishiki. Kwa kukusogeza siku mbili tatu kata kipande cha ubavu wa tairi kuukuu, kisiwe na waya, kizidi mchaniko kama sentimita 2 kila upande, kingo zake zisugue na msasa mpaka ziwe nyembamba maana ukiziacha nene zitaitoboa tyubu upya, halafu kiweke katikati ya tairi na tyubu. Upepo wenyewe utakibana. Jaza pungufu ya kawaida, zungusha gurudumu, ukiona nundu inatokeza shusha upepo haraka. Kwa tairi la mbele nisingekushauri hata hicho kiraka, likipasuka kwenye mteremko unaenda chini.

Dukani sasa, usiseme "nipe 26" ukaondoka, hapo ndo watu wanapoliwa hela. Lako la 26x1.95 pembeni lina namba nyingine 50-559, 50 ni upana kwa milimita na 559 ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu. Kuna 26x1 3/8 nayo inaitwa 26 vilevile lakini ni 590, haikai kwenye rimu yako hata uilazimishe vipi. Upana ukipishana kidogo sio kesi, 559 ndo lazima ifanane.

Kabla hujafunga jipya cheki raba za breki. Raba ya breki ikikaa juu sana inagusa tairi badala ya rimu, inakula ubavu taratibu mpaka nyuzi zinatoka, na hilo jipya litaenda hivyohivyo. Halafu angalia mshale ubavuni kama upo, uelekee gurudumu linakozungukia ukienda mbele.