Nilipofunga mota kwenye cherehani ndipo mgongo ukaanza

Kamwene.

Nina miaka 49, ni fundi cherehani hapa Iringa mjini, na haipiti wiki bila mteja wa rika langu kuja kupimwa gauni akaguna. Namzungushia futi kiunoni, naye anaanza: magoti, shingo, bega, usingizi umekimbia. Zamani nilikuwa naguna pamoja naye. Siku hizi nampa maneno, mpaka binti ninayemfundisha kazi ananicheka kwamba nimefungua zahanati humu kibandani. Basi leo nayaandika yote, nipumzike kuyarudia.

Kwa miaka 16 nilishonea cherehani ya pedeli. Mwaka 2021 oda za sare za shule zilipozidi, nikafunga mota. Nilijiona tajiri. Kazi ya siku mbili ikawa ya siku moja, na kwa kuwa miguu haikuchoka tena, nikawa nakaa tangu saa mbili asubuhi hadi giza linaingia, nikiinuka kwenda chooni au kumpokea mteja tu. Pedeli nilikuwa naichukia, lakini ilikuwa ikichezesha miguu yote miwili, vifundo, mapaja, mpaka nyonga. Mota inataka mguu wa kulia peke yake. Nikawa nakaa upande, uzito wote kwenye tako moja, mguu wa kushoto nimeukunja chini ya stuli kama kuku aliyelala.

Na si mota tu. Miaka hiyo hiyo maji yalifika ndani ya nyumba, nikaacha kubeba ndoo. Nikanunua jiko la gesi. Nikaanza kupanda bajaji kutoka nyumbani Ipogolo hadi kazini Miyomboni. Nilikuwa nimevitafuta vyote hivyo kwa jasho, na simshauri mtu arudi kwenye kuni. Ila hakuna aliyeniambia kwamba kila kimoja kilikuwa kinaondoka na kipande cha mwendo wangu wa siku.

Juni 2022, katikati ya baridi, niliamka nikashindwa kuinama kuvaa soksi.

Nikafanya wanachofanya wengi: nikalala kitandani siku tatu. Siku ya nne nilikuwa mkavu kama nguo iliyoanikwa usiku kucha kwenye baridi ya Makete. Nikaenda zahanati moja, nikachomwa sindano, nikapewa vidonge na vitamini, bila mtu kunigusa mgongo wala kuniuliza nafanya kazi gani. Sindano ilifanya kazi vizuri mno, na hapo ndipo nilipopotea. Maumivu yaliporudi nilijua dawa inaitwaje. Nikawa nanunua diklofenaki dukani, asubuhi moja, jioni moja, kama chai. Miezi mitano.

Kilichonishtua ni tumbo, lilikuwa linawaka hata nikinywa uji. Halafu siku moja kwenye kikoba chetu mwenzetu ambaye ni muuguzi alikuja na kipimo cha presha, tukapimana kwa utani. Yangu ikasoma 158 kwa 96. Alirudia mara mbili, utani ukaisha. Hospitali daktari alipoona boksi la vidonge kwenye mkoba wangu alishusha pumzi. Akanieleza kwamba dawa za kundi hili, pamoja na ibuprofeni, zikitumika muda mrefu zinaweza kutoboa tumbo, kuumiza figo na kupandisha presha. Zinafaa kwa siku chache, kwa mtu aliyeangaliwa. Presha yangu ilishuka kiasi baada ya kuziacha, haikushuka yote. Leo nameza amlodipini kila asubuhi, na siachi eti kwa kuwa najisikia vizuri. Hata ile presha ya 158 nilikuwa nayo bila mwili kuniambia. Kama umevuka 40 na hujapima, pima. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi siku mbili tofauti, usiende dukani, nenda kwa daktari.

Daktari huyo ndiye aliyenipeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Nilitegemea mzee mwenye mafuta ya kuchua. Nikakuta kijana, sawa na mwanangu wa pili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, hebu nioneshe unavyokaa kazini."

Nikakaa kwenye kiti chake, nikaweka mguu wa kulia mbele, nikainamia cherehani ya hewani. Akazunguka nyuma yangu, akanyamaza. Kisha akauliza, "Na unakaa hivyo kwa saa ngapi kwa siku?" Nilipomwambia kumi, akacheka kwa adabu. "Mama, hata mimi kwa mkao huu nusu saa ningelia."

Aliniambia mambo ambayo hayakugharimu hata shilingi. Nikunje blanketi niweke juu ya stuli, nyonga zikae juu kidogo kuliko magoti. Nisogeze cherehani karibu na tumbo ili nisiifuate kwa shingo. Na niweke kengele kwenye simu, kila nusu saa nisimame, nitembee hadi mlangoni, nijinyooshe kwa nyuma mikono ikiwa kiunoni, nirudi. Kengele hiyo imekuwa kichekesho cha mtaa. Ikilia, jirani yangu muuza vitenge naye anasimama.

Halafu mazoezi. Kusimama na kukaa kwenye kiti bila kushika chochote, mara 10, mizunguko mitatu. Kulala chali, kukunja magoti, kuinua makalio na kuyashikilia huku unahesabu hadi tano. Kubeba ndoo ya lita 10 kila mkono na kutembea uani mgongo ukiwa wima. Nilimwambia nikifanya naumwa. Akanipa kipimo ambacho nakitumia mpaka leo: kati ya sifuri na kumi, maumivu yakiwa hadi matatu, endelea, mradi yawe yametulia kufika kesho asubuhi. Yakizidi, punguza, usiache. Ilichukua kama wiki sita kabla sijaona tofauti, na wiki ya tatu nilikuwa nimekata tamaa kabisa. Nakwambia ili ikifika wiki ya tatu usidhani ni wewe tu.

Kuna watu wataniambia bibi zetu hawakufanya mazoezi ya kwenye kiti. Kweli. Mama yangu yuko Kilolo, ana miaka 74, bado analima. Lakini naye magoti yanamsumbua, na mgongo wake umepinda kwa kuinamia mahindi na maharage tangu utoto. Kazi nzito ya aina moja nayo inachosha mwili sehemu moja, kama mota yangu tu. Misuli inapungua yenyewe umri ukienda, na kwetu wanawake mifupa inapoteza nguvu haraka zaidi hedhi ikikoma, kwa hiyo kubeba uzito kidogo kidogo kwa makusudi si anasa ya watu wa mjini.

Kuhusu shingo na kichwa, hadithi ni fupi. Kila jioni kichwa kiligonga, nikadhani ni presha. Kumbe ilikuwa macho. Nilikuwa natunga uzi mweusi kwenye sindano kwa kulamba, kukosa, kulamba tena, mara nne tano, nimekunja uso na shingo imetoka mbele kama kobe. Baada ya 40 jicho linapoteza uwezo wa kuona karibu, si uchawi. Miwani ya kusomea ikamaliza jambo ambalo nilikuwa nalimezea panadol mwaka mzima. Ukiona unasoma meseji umenyoosha mkono, kapime macho.

Sasa usingizi, maana hapa ndipo mwili na akili vinashikana mashati.

Julai ya mwaka 2023, baridi ya Iringa mnaijua, mimi saa tisa usiku natupa mablanketi yote chini. Joto linaanzia kifuani, linapanda shingoni, linafika usoni, natota jasho, dakika chache baadaye natetemeka. Mzee wangu anavuta blanketi, mimi nalisukuma. Usiku mmoja akaketi kitandani akasema, "Mama Neema, kama ni hasira sema, lakini usiniue kwa nimonia." Tulicheka, kisha nikalia, na sikujua nalia nini.

Nilikuwa na miaka 47. Hedhi ilikuwa inaruka miezi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kukoma hedhi, ambako kwa wengi huja kati ya miaka 45 na 55, kunaweza kuja na joto la ghafla, kukosa usingizi, viungo kuuma, hasira za karibu na machozi yasiyo na msiba. Nilidhani nimelogwa, au naanza kuchanganyikiwa. Nilipolisema kwenye kikoba, baada ya fedha kuhesabiwa, wanawake wanne walisema "hata mimi" kabla sijamaliza sentensi. Mmoja alikuwa amejificha mwaka mzima kwamba akikohoa mkojo unamtoka. Hilo nalo lina zoezi lake: kubana misuli ile unayobania mkojo, kuhesabu hadi tano, kuachia, mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Unaweza kulifanya ukiwa kwenye daladala na konda asijue. Na ukiona damu imerudi baada ya mwaka mzima bila hedhi, usisubiri, nenda hospitali.

Saa tisa usiku vilevile ndiyo saa ya madeni. Ada ya Neema, marejesho, kitambaa cha mteja nilichokikata vibaya. Daktari alinishauri niandike yanayonizunguka kabla ya kulala, nami daftari lililokuwa karibu ni la vipimo vya wateja. Kwa hiyo ukilifungua leo utakuta: kiuno 34, nyonga 42, urefu wa sketi 28, ada laki tatu na nusu hadi tarehe 15, mpigie mama. Deni likishaandikwa halipungui hata shilingi, lakini linakaa daftarini hadi asubuhi. Simu nayo inalala sebuleni. Chai nzito naikomesha saa kumi jioni. Na kaka zangu mnaotibu kiuno kwa ulanzi, nawaheshimu, lakini pombe inakulaza saa tatu na kukuamsha saa nane.

Kama huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kunazidi wiki mbili mfululizo, hiyo si ya kuandika daftarini. Inaweza kuwa sonona, na inatibika. Kwetu ukitaja afya ya akili mtu anawaza Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, moja kwa moja, kwa hiyo wengi wanakaa kimya. Ukimwogopa daktari, anza na mtu mmoja unayemwamini, halafu muende wote. Na ukianza kuwaza kwamba ni afadhali usiwepo, mwambie mtu leo leo.

Nina mawili ya huku kwetu baridini. Jiko la mkaa usilale nalo chumbani umefunga madirisha. Hewa yake ya sumu haina harufu. Ukiamka kichwa kinauma na kichefuchefu, umebahatika umeamka. Na maziwa yachemshe. Brusela, ugonjwa unaopatikana kwenye maziwa mabichi, huleta homa ya kuja na kuondoka, jasho, na maumivu ya mgongo na viungo ambayo hakuna zoezi litakaloyaondoa.

Tena, mgongo mwingine si wa kukaa vibaya. Maumivu yanayokuja na homa au kupungua uzito, yanayokuamsha usiku bila kutulia, mguu kuishiwa nguvu, ganzi sehemu za siri, kushindwa kuzuia haja: achana na blogu yangu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kifua kikuu nacho hushika uti wa mgongo.

Mota sijaitupa. Asubuhi nashona kwa pedeli mpaka saa nne, kisha nafunga mkanda wa mota. Siku nne kwa wiki napanda kutoka Ipogolo hadi mjini kwa miguu, dakika 45 kwa mwendo wangu, na hiyo inavuka zile dakika 150 za wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri. Jumapili jioni nikipata nguvu napanda Gangilonga, lile jiwe linaloongea, nakaa juu naangalia mji. Kuteremka ndiko kunakonipa shida, goti la kulia bado linalalamika.

Madereva wa bajaji wa pale Ipogolo wananijua. Kila asubuhi wananipigia honi kwenye kona, "Mama Neema, mlima mkali huo, panda!" nami napunga mkono. Juzi mmoja akasimama kabisa, akaniambia, "Mama, leo nakupeleka bure." Nilikuwa nimebeba viazi kilo kumi na pasi iliyotoka kutengenezwa. Nikapanda.