Tulivyoacha kumsafisha wakili dhalimu

Swali lenu la wiki: ni fungu gani la Biblia lililowahi kulishinda kundi lenu la kujifunza Neno, na mlifanyaje? Letu ni Luka 16:1-13, mfano wa wakili dhalimu. Tulilipangia jioni moja, likala nne.

Kisa ni kifupi. Wakili wa tajiri anachongewa kwamba anatapanya mali. Anaambiwa alete hesabu, kazi hana tena. Kulima hawezi, kuomba anaona aibu. Basi anawaita wadeni wa bwana wake mmoja mmoja: wa vipimo 100 vya mafuta aandike 50, wa 100 za ngano aandike 80. Hapo hakuna ugumu, tunaujua wizi. Tulikwama mstari wa 8, bwana wake anapomsifu.

Jioni ya kwanza iliishia kwenye neno "wakili". Vijana walikuwa wakimwona mwanasheria mahakamani, mpaka mama mmoja aliyekuja na Biblia ya tafsiri ya Habari Njema akasoma "karani". Kigiriki ni oikonomos, msimamizi wa nyumba na mali ya mtu. Tulirudi makwetu tukiwa tumejua cheo chake, basi.

Jioni mbili zilizofuata tulizitumia kumfulia nguo. Mwalimu wetu alileta maelezo ambayo wafafanuzi kadhaa huyatoa: Torati inakataza kumtoza ndugu riba (Kutoka 22:25, Kumbukumbu la Torati 23:19), kwa hiyo pengine alichofuta ni riba iliyofichwa ndani ya deni, au fungu lake mwenyewe. Tukashusha pumzi. Nami nilishusha, sikatai. Ndipo mzee mmoja wa kanisa, mhasibu mstaafu, akauliza, "Riba hiyo iko mstari wa ngapi?" Tukafunua kurasa, hatukuiona. Akaongeza kwamba mtu aliyekwisha kuachishwa kazi akibadilisha hati za madeni, yeye katika ukaguzi wake alikuwa na neno moja tu la kuandika. Mwalimu alijitetea kidogo, kisha akacheka, akafunga daftari. Nilimpenda sana siku ile.

Jioni ya nne hatukumsafisha tena. Luka mwenyewe anamwita dhalimu katika mstari uleule anaosifiwa, na hakutuomba tumsaidie. Sifa imetolewa kwa busara yake, na kwa Kigiriki ni neno lilelile la "busara kama nyoka" katika Mathayo 10:16 na la wale wanawali watano wa Mathayo 25 wenye taa na mafuta ya akiba. Mtu ameona saa yake imefika, akatumia alichobaki nacho mkononi kabla hakijaondoka.

Lakini lililonishika zaidi lilitoka kwa binti aliyekuwa kimya muda wote. Alianza kusoma nyuma, sura ya 15, kwa sababu mgawanyo wa sura uliwekwa karne nyingi baada ya Luka. Mwana mpotevu "akatapanya" mali yake, wakili naye anashitakiwa kwa "kutapanya", na Kigiriki nacho kinatumia kitenzi kimoja pande zote mbili. Wote wawili wanabanwa, wote wanajisemea moyoni, wote wanatafuta nyumba ya kuwapokea. Mmoja anakwenda na toba, mwingine na kalamu. Nimesikia mahubiri mengi juu ya yule kijana, na hakuna hata moja lililomketisha karibu na jirani yake huyu.

Mstari wa 9 haujatatuliwa. Tunaambiwa tujifanyie rafiki kwa mali ya udhalimu, ili ikikosekana watukaribishe katika makao ya milele. Ni nani hao wakaribishaji? Mhasibu anasema ni maskini tuliowasaidia. Mwalimu anaona ni namna ya Kiyahudi ya kumtaja Mungu bila kumtaja. Mimi niko upande wa mhasibu, kwa sababu ukishuka kidogo katika sura hiyohiyo unamkuta Lazaro amelala mlangoni pa tajiri, na tajiri hakujifanyia rafiki. Huko ndiko tunakoelekea jioni ijayo. Mhasibu amekwisha kututahadharisha kwamba ana maswali kuhusu lile shimo kubwa linalowatenga wawili hao baada ya kufa.