Re: Jina Aino la Kifini lina maana gani?

Mkuu, umeuliza kama Aino ni kifupi cha Aina au jina la Biblia. Hapana, ni la Kifini kabisa na maana yake ni "wa pekee", hata leo "pekee" kwa Kifini ni ainoa.

Ishu ni kwamba zamani halikuwa jina la mtu. Kwenye nyimbo za wazee walikuwa wanaimba "aino tyttö", yaani binti wa pekee, sasa Elias Lönnrot alivyokusanya zile nyimbo akatoa Kalevala, kitabu cha mashairi ya hadithi za kale za Wafini, mwaka 1835, halafu ile ndefu 1849, akalichukua hilo neno akalifanya jina. Stori yenyewe inauma: kaka mtu kashindwa kwenye mashindano ya kuimba, anazama kwenye tope, ili ajiokoe anamuahidi mzee Väinämöinen, yule aliyemshinda, kwamba atamuoza dada yake Aino. Binti hataki kabisa, anaishia kuzama majini. Baadaye mzee anavua samaki, anataka kumpasua, samaki anachomoka mkononi anamwambia mimi ndo Aino uliyemtaka, hukunijua. Mi hapo nacheka kila nikisoma, mzee kakomeshwa!

Pamoja na mkosi wote huo watu wakalipenda. Mke wa mtunzi wa muziki Jean Sibelius alikuwa Aino na nyumba yao ikaitwa Ainola, hiyo -la ni kama "kwa", kwa Aino. Kalenda ya Wafini ina siku za kusherehekea majina ya watu, na siku ya Aino ni 10 Mei.

Kutamka usikaze "i" kama sisi, mkazo mwanzoni: AI-no.