Mchanga huo ulilalaje?

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na mama yako nikamsomea. Unauliza: ikiwa gesi ya kisiwa cha Songo Songo iliyogunduliwa mwaka 1974 imo ndani ya mawe ya mchanga, na huku bonde la Rukwa mawe mekundu ya mchanga yamejaa, mbona visima vya Ivuna na Galula vya mwaka 1987 havikutoa mafuta?

Mimi nimechimba visima vya maji, si vya mafuta, lakini jiwe ni lilelile. Kuna kijiji niliwaahidi watu maji kwa kuwa nilikuta jiwe la mchanga. Tulishuka mita 80, yakatoka ya kujaza ndoo chache. Bado inaniuma. Jiwe lilikuwa la mchanga kweli, ila lilijaa tope.

Unakumbuka tulivyochota mchanga Mto Songwe wakati wa kiangazi? Katikati ya mkondo punje zilikuwa safi, zinalingana. Ukimwaga maji yanazama papo hapo. Hatua kumi pembeni, mafuriko yalipotuama, maji yalisimama juu ya tope. Mto mmoja, masika moja! Vifukie vyote viwili mamilioni ya miaka: wa mkondoni utakuwa mwamba wa kuhifadhi mafuta au gesi kati ya punje zake, tope la pembeni litakuwa kifuniko cha kuyazuia yasitoke.

Kwa hiyo uliza kwanza mchanga ulilalaje, yaani nini kiliuleta na kuutandaza. Mchanga wa matuta ya jangwani upepo umeupepeta kama mchele. Wa ufukweni mawimbi yameuosha. Uliomwagwa chini ya mlima, karibu na ulikotoka, huja na changarawe na udongo, na punje zake za madini ya feldispa zikioza ardhini huwa mfinyanzi unaoziba njia. Hata ule mzuri, ukifukiwa mno, hukamuliwa, na madini magumu ya kwatzi huota kati ya punje.

Lakini ghala zuri halileti mahindi. Lazima chini yake au pembeni uwepo mwamba wenye mabaki ya viumbe, uliopikwa na joto la kutosha hadi ukazaa mafuta au gesi, halafu juu pawe na kifuniko kisichovuja. Kimoja kikikosekana, kisima kinatoka kitupu hata kama mchanga ni safi. Kwa hiyo usiyadharau mawe yetu kwa visima viwili. Gesi ya heliamu inayotafutwa Rukwa sasa huzaliwa kwenye miamba ya kale yenye urani na thori, madini ya mionzi, haihitaji mabaki ya viumbe, na mchanga huohuo unaweza kuihifadhi.

Kesho maabara, kabla hujaandika jina la jiwe, lidondoshee tone la maji. Hesabu linachukua muda gani kuzama, uniandikie.

Baba yako,
Uyole, Mbeya